Wanafunzi wa studio wanatafiti wiki tano bila kushika kadibodi: nirekebishe wapi?

mkufunzi_umbo

Wadau, salaam. Naomba maoni ya wanaofundisha ubunifu wa bidhaa, usanifu majengo au fani yoyote inayofundishwa kwa studio.

Hali iko hivi. Darasa la mwaka wa pili, wanafunzi 26, wakufunzi 2, muhula wa wiki 14, studio mara mbili kwa wiki, kila kipindi saa 3. Somo limehamishwa kutoka studio ya kawaida (andiko la kazi, ukaguzi wa mezani, onyesho la mwisho) kwenda kwenye ujifunzaji unaoanzia kwenye tatizo, kwa zile hatua 7 za Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Makundi yapo manne, ya watu 6 na 7.

Mambo manne yanakwama. Kwanza, utafiti unakula wiki 5 nzima. Wanafunzi wanarudi na slaidi nzuri, ila hakuna kitu kilichotengenezwa. Pili, kundi likianza kubuni, mwenye mkono mzuri anachora peke yake, wengine wanageuka makarani. Tatu, siku ya ukaguzi wa wote, walio mwishoni mwa foleni wanapewa dakika 3 na watu wameshachoka. Nne, alama: kitu cha mwisho kina asilimia 60, na malalamiko hayaishi.

Sitaki kurudi kwenye studio ya zamani ambako mwanafunzi anabuni ili kumpendeza mkufunzi. Lakini hali ilivyo sasa haifundishi ubunifu. Nianzie wapi?

---

kadibodi_kwanza

Mkuu, wanafunzi wako wanafuata hatua walizopewa. Zihesabu uone: kufafanua maneno yasiyoeleweka, kubainisha tatizo, kumwaga mawazo ya kulieleza, kuyapanga mawazo hayo, kuandika malengo ya kujifunza, kila mtu kwenda kusoma kivyake, kisha kurudi kuripoti. Hatua ya kutengeneza iko wapi? Haipo, na haikupaswa kuwepo, kwa sababu mtindo huu ulizaliwa kwenye udaktari. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ndicho kilichoanza nao mwaka 1969, Maastricht ikafuata miaka ya 1970. Mgonjwa anafika na ugonjwa tayari mwilini, na kazi ya kundi ni kuuelewa. Kwenye ubunifu hakuna jibu lililojificha linalosubiri kufichuliwa. Wasomi Rittel na Webber waliliandika hili mwaka 1973 wakizungumzia mipango miji: kuna matatizo ambayo huwezi kuyaeleza yakaeleweka mpaka uwe na wazo fulani la kuyatatua. Mbunifu anapendekeza ili aone tatizo.

Kwa hiyo usizitupe hatua 7. Zipasue katikati. Baada ya hatua ya 3 weka dakika 90 za kutengeneza, siku ileile tatizo lilipotolewa. Kila mwanafunzi, si kila kundi, atengeneze modeli 3 kwa ukubwa halisi. Vifaa: kadibodi ya maboksi, tepu ya karatasi, mkasi, kisu cha kukatia, vijiti, uzi. Hakuna kompyuta, na gundi usiiruhusu kabisa. Gundi ikishakauka mwanafunzi anaanza kuilinda kazi yake. Tepu inabanduka, naye anabadilisha bila uchungu. Na mbona 3? Akiwa na moja ataitetea. Akiwa na mbili atauliza ipi bora. Ya tatu ndiyo inayomlazimisha kuliacha wazo lake la kwanza, maana mawili ya mwanzo kwa kawaida ni mtu na pacha wake.

Baada ya hapo ndipo waandike malengo ya kujifunza, na kila lengo litokane na modeli iliyoshindwa. Nikupe mfano mmoja ninaoupenda kwa sababu una pande mbili zinazovutana: kifuniko cha chupa ya dawa ambacho mtoto hawezi kukifungua, lakini mtu mwenye baridi yabisi vidoleni anaweza. Vile vifuniko vya kubonyeza huku unazungusha vinawashinda wote wawili.

Mwanafunzi anatengeneza kifuniko kipana kwa kadibodi, anakivisha juu ya kile cha kawaida, anagundua kinazunguka kwa urahisi zaidi. Kwa nini? Hilo sasa ni swali la kujifunza analolitaka yeye mwenyewe. Ukibana kifuniko kwa vidole viwili, nguvu ya kuzungusha unayoweza kutoa kabla vidole havijateleza inategemea vitu vitatu: nguvu ya kubana, msuguano, na kipenyo. Ukitoka milimita 28 kwenda 38, huku nguvu ya kubana na msuguano vikibaki vilevile, unapata takriban asilimia 36 zaidi. Somo la momenti (nguvu ya kuzungusha) la dakika 20 likitolewa siku hiyo linaingia. Lile lile ukilitoa wiki ya kwanza kama mhadhara, linapita juu ya vichwa vyao.

Halafu anagundua kwamba kupanua kifuniko kumesaidia kuzungusha tu. Kubonyeza bado kunaumiza, na kufanya vyote viwili kwa pamoja ndiko kunakomshinda mtu. Hapo tatizo limebadilika mbele ya macho yake: kutoka "kifuniko ni kidogo" likawa "mikono miwili inadaiwa kazi mbili kwa wakati mmoja". Hakuna slaidi ingemfikisha hapo.

Utafiti wa vitabuni nao una mahali pake, na unakuja vizuri zaidi hapa kati. Sasa anaposoma kwamba Marekani ina sheria ya vifungashio hivi tangu 1970, na kwamba jaribio lake hutumia watoto wa miezi 42 hadi 51 wanaopewa dakika 5, wanaonyeshwa namna ya kufungua, kisha wanapewa dakika 5 nyingine, ana kitu mkononi cha kulinganisha. Kifungashio kinafaulu ikiwa asilimia 85 ya watoto wameshindwa kukifungua kabla ya kuonyeshwa, na asilimia 80 baada ya kuonyeshwa. Upande wa watu wazima wa miaka 50 hadi 70, asilimia 90 lazima waweze. Namba hizo zinakuwa masharti ya kazi yake, hazibaki pambo la slaidi ya 4.

Kalenda ningeipanga hivi. Wiki ya 1, tatizo na modeli 3. Wiki ya 2, kuripoti walichosoma, kwa kanuni moja isiyovunjwa: hakuna ripoti bila kitu mezani. Wiki ya 3 hadi ya 6 ni mizunguko minne, kila wiki mmoja: kipindi cha kwanza kutengeneza, cha pili kujaribu na watu na kubadilisha. Wiki ya 7 ukaguzi wa wote. Wiki ya 8 kila mtu anaandika upya tatizo kwa sentensi zisizozidi 3, kwa kuwa lile la wiki ya 1 limeshazeeka. Wiki ya 9 hadi ya 11 kuboresha, na mwisho wa wiki ya 11 ubunifu unafungwa: baada ya hapo hakuna wazo jipya. Wiki ya 12 na ya 13 kutengeneza kitu cha mwisho. Ya 14 onyesho.

Tafadhali usizikate hizo wiki 2 za utengenezaji. Piga hesabu ya printa ya 3D: kipande cha saa 6 mara wanafunzi 26 ni saa 156, yaani siku 6 na nusu usiku na mchana, bila hata chapa moja kuharibika, na zinaharibika. Mpe kila mtu kikomo cha saa 2 za printa, zinakuwa saa 52, na sehemu nyingine atengeneze kwa mkono. Kwa mfano huu wa kifuniko, wasichape nyuzi za skrubu: wakate pete ya ndani ya kifuniko halisi na kuibandika ndani ya umbo jipya. Wakilazimika kuchapa sehemu mbili zinazoingiliana, waache uwazi wa milimita 0.3 hadi 0.5 kati yake, la sivyo zitakwama na mtu atadhani wazo lake ndilo bovu.

---

ukuta_wa_kazi

Nakubaliana na hapo juu, sitarudia. Mimi nizungumzie ukaguzi, maana tatizo lako la tatu ni la hesabu kabla halijawa la malezi.

Wanafunzi 26 kwa dakika 12 kila mmoja ni dakika 312, yaani saa 5 na dakika 12. Wewe una saa 3. Ukaguzi ulishashindikana kabla hata hujafungua mlango. Punguza idadi ya kazi zinazozungumzwa na wakufunzi, usipunguze dakika. Wakufunzi ni wawili: gawanya darasa kuta mbili, watu 13 kila ukuta. Kazi zote zibandikwe na modeli ziwekwe chini yake dakika 15 kabla ya muda. Dakika 20 za kwanza ni kimya: kila mwanafunzi anapita kwenye kazi 4 alizopangiwa na kuacha vikaratasi vya kunata 2 kwa kila moja, kimoja cha anachokiona, kimoja cha swali. Kila kazi inapata vikaratasi 8. Kisha mkufunzi anachagua kazi 7 zinazobeba masuala ya wengi, dakika 15 kila moja, jumla dakika 105. Unabakiwa na dakika 55 za kuwapitia wale 6 wengine mezani, walau dakika 9 kila mmoja. Ukaguzi unaofuata, hao 6 wanakuwa wa kwanza ukutani. Andika orodha, usitegemee kumbukumbu.

Katika zile dakika 15, mwenye kazi asianze kusema. Mwanafunzi mwingine aisome kazi kwa sauti, dakika 2: "Naona kifuniko chenye mbawa mbili, nadhani nabonyeza kwa kiganja, sielewi kinazuiaje mtoto." Mwenye kazi anasikiliza. Hapo anajua mchoro wake umesema nini bila yeye kuusindikiza. Ndipo anapewa dakika 3 za kueleza, na dakika 10 za mazungumzo. Jirani yake awe mwandishi wake: anaandika kila lililosemwa na kumkabidhi karatasi mwishoni. Mtu aliyesimama mbele ya ukuta moyo ukimwenda mbio hasikii. Ukimuuliza kesho atakukumbusha sentensi moja tu, na kwa kawaida ni ile iliyomuuma.

Maoni yawe na umbo: nimeona nini, kinasababisha nini, nauliza nini. "Sijaipenda" hairuhusiwi, na "nimeipenda" vilevile, kwa sababu zote mbili zinamfundisha mwanafunzi kutafuta ladha ya mkufunzi. Hilo ndilo ulilosema unalikimbia.

Na jambo la kalamu. Mkufunzi akiichukua kalamu ya mwanafunzi na kuchora jibu juu ya kazi yake, kipindi kijacho jibu hilo linarudi likiwa limesafishwa, na ukilihoji unaambiwa "si ulisema wewe". Mkono wako ukiwasha, chora juu ya karatasi angavu iliyowekwa juu ya kazi, chora njia mbili zinazopingana, kisha ondoka na karatasi yako. Mwanafunzi abaki na swali, mchoro wako usibaki naye.

Suala la kukesha pia lisemwe. Kule École des Beaux-Arts, shule ya sanaa na usanifu ya Paris, mkokoteni uliopita kukusanya michoro uliitwa charrette, na jina hilo hadi leo linatumika kwa kazi ya kukimbizana na muda. Vyuo vingi vimerithi mkokoteni na kuuita utamaduni. Mwaka 2002 chama cha wanafunzi wa usanifu majengo Marekani kilitoa ripoti nzima kikitaka utamaduni wa studio ubadilishwe, na kukesha kukiwa miongoni mwa yaliyolalamikiwa. Dawa ni ratiba. Kazi zipokelewe saa 10 jioni ya siku iliyotangulia ukaguzi, zifungiwe chumbani, asiguse mtu. Aliyelala anasikia maoni. Aliyekesha anasubiri tu yaishe.

---

mizani_ya_tathmini

Kuhusu makundi: watu 6 au 7 ni saizi nzuri ya kujadili. Kwa kubuni ni kubwa mno. Majadiliano yanagawanyika, mkono haugawanyiki. Uchunguzi wa tatizo wafanye watu 4 pamoja. Modeli za wiki 6 za kwanza kila mtu zake. Kuanzia wiki ya 8 wanaotaka waungane wawili wawili, si zaidi. Katika kile kikundi cha watu 4, mwenyekiti na mwandishi wabadilike kila kipindi, na majina yaandikwe ukutani. Ukiwaachia wachague, mwandishi atakuwa mtu yuleyule muhula mzima.

Sasa alama. Asilimia 60 kwenye kitu cha mwisho inawaambia wanafunzi waziwazi: ficheni mliposhindwa. Hawajakosea kukusikia hivyo. Mgawanyo ninaoutetea ni uchunguzi wa tatizo 20, mfululizo wa majaribio 30, kitu chenyewe 30, uwasilishaji 10, tafakuri 10. Hiyo 30 ya majaribio inapimwa kwa daftari la kazi, ukurasa mmoja kwa wiki wenye mambo manne: nilichojaribu, nilichopima, nilichobadilisha, na sababu. Ukurasa usio na kipimo hauna alama kamili. Liangalie kila wiki 2, usisubiri mwisho, la sivyo kurasa 14 zitaandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Kipimo hakihitaji maabara. Kwa mfano wa kifuniko: watu 5, kila mmoja majaribio 3, jumla vipimo 15. Saa ya simu. Ikizidi sekunde 60 ni kushindwa, andika "ameshindwa", usiandike 60. Ndani ya chupa weka shanga, kamwe si vidonge. Mjaribu anasema sentensi moja tu, "Tafadhali fungua chupa hii", kisha ananyamaza. Kosa linaloharibu vipimo vingi kuliko yote ni mwanafunzi kueleza jinsi kifuniko chake kinavyofanya kazi kabla mtu hajakigusa. Anapima maelezo yake badala ya kitu chake.

Wengine hufunga vidole kwa vijiti na tepu ili waige ugumu wa viungo. Ni sawa kwa kutafuta makosa ya wazi, dakika 10 zinatosha. Haimfanyi mtu ajue maumivu ya miaka, wala mbinu ambazo mwenye hali hiyo ameshajitengenezea: meno, ukingo wa meza, kumpa jirani amfungulie. Waalikeni watu wenyewe. Watoto wasijaribishwe kabisa bila kibali cha chuo na cha wazazi. Kwa upande huo tumieni namba zilizochapishwa.

Kabla ya kusahihisha, wakufunzi wawili mchukue kazi 3 za zamani, kila mmoja azipe alama peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana zaidi ya alama 10 kwenye kigezo kimoja, tatizo ni maneno ya kigezo. "Ubunifu wa hali ya juu" si kigezo. "Amejaribu njia 3 au zaidi zinazotofautiana kimsingi na ameeleza kwa vipimo kwa nini amechagua moja" ni kigezo.

La mwisho: msiwaonyeshe kazi nzuri za waliotangulia kwenye tatizo lilelile. Majaribio ya Jansson na Smith, 1991, yalionyesha kwamba wabunifu waliopewa picha ya mfano walirudia sifa zake, pamoja na kasoro zake. Onyesheni kazi ya tatizo tofauti kabisa, na waonyesheni daftari lake la kazi, si picha ya mwisho.

---

msingi_kwanza

Naomba nipinge kidogo. Wote mnaandika kana kwamba mwaka wa pili wanajua kukata, kuchora mkato (kitu kikionekana kana kwamba kimepasuliwa), kusoma kipimo. Mwaka 2006 kulizuka mjadala mkali miongoni mwa wanasaikolojia wa elimu: upande mmoja ukasema kumwachia mgeni atafute njia mwenyewe kunaijaza akili yake kabla hajajifunza kitu, upande wa pili ukajibu mwaka uliofuata kwamba ujifunzaji wa tatizo ukifanywa vizuri haukosi mwongozo, umejaa viunzi, yaani misaada ya muda. Naona wote wawili wanatuelekeza palepale: swali ni kiunzi gani, na kiondolewe lini.

Mwanafunzi asiyejua kukata kadibodi kwa pembe ya digrii 45 atabuni vitu vya pembe mraba tu, na mtadhani hana mawazo. Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani iliyoanza Weimar mwaka 1919, iliwapitisha wanafunzi kwenye kozi ya awali ya vifaa na maumbo kabla ya kuwaingiza kwenye karakana. Na karakana za miaka ya mwanzo zilikuwa na walimu wawili, mmoja wa umbo na mmoja fundi. Fundi yule ndiye tunayemsahau tunapohamia kwenye tatizo.

Pendekezo langu: kila kipindi kwa wiki 4 za kwanza kianze na dakika 25 za ufundi mmoja, ukionyeshwa kwa mkono mezani. Kukata kadibodi nene kwa kupitisha kisu mara 3 kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu (kisu kikilazimishwa ndipo kinapotoroka na kukata kidole, rula ya chuma, mkono usiwe mbele ya makali). Kuchora mkato kwa ukubwa halisi. Kupima kipenyo. Kuandaa jedwali la vipimo. Ni mazoezi 8. Wiki ya 5 na ya 6 ufundi uwe wa kuomba tu. Kuanzia ya 7, aliyekwama anamuuliza kwanza mwenzake, kisha mkufunzi.

Na maswali ya mkufunzi yapungue vivyo hivyo. Wiki ya 2 uliza moja kwa moja: "Ni nani atakayeshindwa kutumia hiki?" Wiki ya 10 uliza tu: "Umebadilisha nini tangu Jumanne?"

---

kadibodi_kwanza

msingi_kwanza, hapo umenirekebisha. Zile modeli 3 za siku ya kwanza zitangulie na dakika 25 zako za kukata. Dakika 25, kisha 90, inabaki saa 1 na dakika 5 ya hatua 3 za mwanzo na kuandika malengo. Inatosha.

---

mkufunzi_umbo

Nawashukuru sana, nimeandika kila kitu. Nimeuchukua mfano wa kifuniko. Hili hapa andiko la tatizo, naomba mlikate bila huruma:

"Wazee wengi hupata shida kufungua chupa za dawa. Buni kifuniko cha kisasa, salama, rahisi kutumia na chenye mvuto, kitakachokidhi mahitaji ya watumiaji wote."

---

kadibodi_kwanza

Tuanze na "buni kifuniko". Umeshatoa jibu. Labda jibu si kifuniko, ni chupa, au kisaidizi kinachokaa mezani, au kifungashio kisicho na skrubu kabisa. Taja hali, usitaje kitu.

"Wazee wengi" si mtu mwenye mikono. Weka mtu mmoja, muda mmoja, mahali pamoja. "Kisasa" na "mvuto" havipimiki, vitoe. "Watumiaji wote" ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inauficha mvutano wote uliofanya tatizo hili liwe zuri: mmoja wa watumiaji hao hutakiwi kumrahisishia. Ningeandika hivi:

"Mwanamke wa miaka 68 ana baridi yabisi kwenye vidole vya mikono yote miwili. Asubuhi, vidole vikiwa vimekaza kuliko wakati mwingine wowote, anahitaji kidonge kimoja kutoka kwenye chupa yenye kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha. Anaishi na mjukuu wa miaka 4. Kwa sasa huacha chupa wazi usiku kucha ili asubuhi asihangaike. Fanya awe na uwezo wa kupata kidonge ndani ya sekunde 60 bila msaada, na chupa isiwe na sababu ya kubaki wazi. Vifaa: visivyozidi aina 3. Kitu kiweze kujaribiwa na mtu katika wiki ya 1."

Ona ile sentensi ya chupa kuachwa wazi usiku. Hiyo ndiyo itakayozua maswali, kwa sababu kifaa kilichokusudiwa kumlinda mtoto ndicho kinachomweka hatarini. Hujawaambia hivyo, wataliona wenyewe siku ya kwanza au ya pili, na kila kundi litalishika upande wake.

---

ukuta_wa_kazi

Niongeze kwenye andiko hilo: lichape upande mmoja wa karatasi, herufi kubwa, libandikwe juu ya ukuta wa kazi muhula mzima. Wiki ya 8 wakiandika matatizo yao upya, wayabandike chini yake bila kuliondoa. Ukaguzi wa mwisho ufanywe kwa tatizo aliloliandika mwanafunzi, lile la kwanza likiwa pale pale juu ili kila anayepita aone umbali kati ya hayo mawili.

---

mizani_ya_tathmini

Na huo umbali uupime. Ile 10 ya tafakuri igawe: 5 kwa ubora wa tatizo lililoandikwa upya, 5 kwa kutaja modeli ipi, ya tarehe ipi, ndiyo iliyolibadilisha. Asiyeweza kuionyesha modeli hiyo kwenye meza, hata iwe imechanika, asipewe hizo 5 za pili. Kwa hiyo waambie tangu wiki ya 1 wasitupe kitu: kila mmoja awe na boksi moja lenye jina lake chini ya meza, na kila modeli iwe na tarehe iliyoandikwa juu yake kwa kalamu ya wino.